Koti la Mjane wa Calder

“Koti ni la kijani,” Gordy alisema kwa mara ya tatu, na safari hii alikuwa amesimama. “Si jekundu. Kijani, Verna, kama ile misonobari nje ya dirisha.”

Verna hakugeuka kuitazama misonobari. Alisema koti la mjane ni jekundu, limekuwa jekundu tangu yeye ana miaka kumi na tisa, na halitageuka kwa sababu mtu fulani anapandisha sauti maktabani.

“Umeiangalia lini?”

“Jumanne. Na Alhamisi nikairudia.”

“Diski niliyokupa mimi?”

“Kwani ipo nyingine?”

Tulikuwa watano mezani, katika chumba cha chini cha maktaba hapa Duluth, mji wa kando ya ziwa, Jumapili ya pili ya Novemba, saa tisa na nusu alasiri. Kikao chetu hakina jina. Tunakutana mara moja kwa mwezi, kila mtu anasema ameona nini au amerudia nini, wenzake wanamshambulia, kisha tunakunywa kahawa. Kabla ya hapo mambo yalikuwa mazuri. Mzee Merle, aliyestaafu kwenye gati la madini ya chuma, alikuwa amesema kwamba filamu yake ya mwezi, ya majambazi wa benki, ilimlaza usingizi dakika ya arobaini, na alipoamka majambazi walikuwa bado wanabishana juu ya ramani, kwa hiyo hadhani kama alikosa kitu. Janelle, mwokaji mikate, mdogo kuliko sisi wote, alikuwa amerudia kwa mara ya sita filamu ya nyumba yenye mashetani, akatuambia safari hii ameona kwamba mashetani ndio wenye haki, maana wao walikuwemo kwanza. Tulicheka. Zamu ya Verna ilipofika, sote tuliweka vikombe chini.

Tulikuwa tunaisubiri zamu hiyo kwa wiki nane.

Filamu yenyewe inaitwa Mjane wa Calder. Ni ya zamani kuliko mimi. Mwanamke anasimamia kituo kidogo cha treni baada ya mumewe kufa, watu wanapita, wengine wanamdanganya, na mwishoni treni ya mwisho inaondoka naye anatembea peke yake kwenye theluji kandokando ya reli, amevaa koti. Dakika mbili nzima, bila neno. Sisi tulioipenda tuliipenda kwa dakika hizo mbili, na kwa lile koti. Lilikuwa jekundu kwa sababu filamu nyingi za rangi za miaka ile zikizeeka hugeuka nyekundu zenyewe: anga jekundu, nyuso nyekundu, theluji kama imemwagiwa sharubati. Kanda zote za video tulizokua nazo zilitolewa kwenye filamu zilizokwisha kuharibika hivyo. Gordy, aliyekuwa tarishi wa posta kwa miaka thelathini na anayeandika daftarini kila filamu anayoitazama, aliwahi kutusomea kurasa nne kueleza kwamba wekundu wa koti ni hasira ya mjane isiyosemwa.

Kisha mwaka huu ikatoka nakala iliyosafishwa, iliyotolewa kwenye filamu ya awali iliyokuwa imehifadhiwa kwenye baridi. Koti likawa la kijani. Gordy alituletea diski kikao cha Septemba, uso umemshuka kama aliyefiwa. Akasema izunguke, kila mtu akae nayo kwa wakati wake. Verna alikuwa wa mwisho. Hakuna aliyemwambia habari ya koti, maana kwetu kumharibia mwenzako filamu ni kosa kubwa kuliko kumwazima gari ukalirudisha halina mafuta. Hata tulipokutana naye dukani tulifunga midomo. Tulitaka kumwona uso wake.

Na yeye akakaa vizuri kwenye kiti, akaunganisha mikono, akasema nakala mpya ni nzuri, sauti imekuwa safi, hata hatua za mjane kwenye theluji unazisikia moja moja. “Na lile koti,” akasema. “Jekundu vile vile, kama damu kwenye shuka.”

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Nilikuwa natazama saa. Saa kumi Verna alitakiwa kumpeleka binti yangu, Britta, kwenye mazoezi ya kuogelea ng’ambo ya daraja, upande wa Wisconsin. Britta ana miaka kumi na miwili, alikuwa juu kwenye sehemu ya watoto na mkoba wake wa kuogelea. Mimi ninapiga picha za eksirei hospitalini na zamu yangu ya Jumapili inaanza saa kumi na nusu. Mume wangu yuko kwenye meli za madini mpaka barafu izifungie Januari. Kwa miaka miwili Verna ndiye aliyemchukua Britta Jumapili na Jumatano, na hakuchelewa hata siku moja. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba nilitaka ugomvi ule uishe upesi, na sikujali sana uishe vipi.

Gordy alianza kumuuliza maswali kama polisi. Bendera ya kituo ina rangi gani? Verna akasema bendera ni bendera. Mlango wa chumba cha tiketi je? Verna akasema hakuja kufanya mtihani. Janelle akasema kwa upole kwamba labda televisheni ya Verna ni mbovu, na Gordy akajibu kwamba hakuna televisheni mbovu kiasi cha kurudisha ubovu uleule uliochukua miaka mitano kuondolewa. Katika hilo alisema kweli. Merle alisema koti kwake halina shida, yeye shida yake ni treni, ile ni ya dizeli wakati hadithi ni ya enzi za mvuke. Hakuna aliyemsikiliza.

“Unajua kanuni,” Gordy alisema.

Kanuni tunayo moja tu. Usiyoiona usiizungumze. Mtu akizungumzia filamu ambayo hakuitazama, anakaa nje mpaka barafu ya ziwa iyeyuke. Imetumika mara moja tu, kwa mwalimu mmoja aliyesoma maoni ya watu kwenye mtandao akaja kutusomea kana kwamba ni yake. Hakurudi hata barafu ilipoyeyuka.

Nilimtazama Verna nikingoja ampasue Gordy. Verna si mtu wa kukanyagwa. Amewahi kumfukuza mhubiri mlangoni kwa ufagio, na alipofiwa na mumewe alichimba mwenyewe shimo la nguzo ya uzio siku tatu baada ya mazishi kwa sababu lilikuwa halijachimbwa. Lakini aliinamisha kichwa kidogo upande, kama anayesikiliza kitu chumba cha pili.

“Sawa,” alisema. “Sikuitazama. Nimedanganya. Andika.”

Gordy akakaa. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vita na sasa hakujua aiweke wapi mikono.

Shida ni kwamba mimi nilijua ameitazama. Alhamisi nilipita kwake kurudisha sufuria. Anaishi peke yake nje ya mji, maili kumi na mbili kwa barabara ya ziwani. Niligonga, nikasikia muziki wa Mjane wa Calder, nikaufungua mlango mwenyewe kama ninavyofanya siku zote. Alikuwa amekaa mbele ya televisheni. Hakuwa kwenye kochi. Alikuwa ameburuta kiti cha jikoni mpaka magoti yanagusa kioo, na uso ameugeuza pembeni, anatazama ukuta. Nilidhani amekasirika au analia. Nikaweka sufuria, nikamwambia tutaonana Jumapili.

Mtu aliyeitazama filamu mara mbili kwa wiki anakubali aitwe mwongo mbele za watu. Kwa nini? Nilijiuliza mara moja tu, jibu likaja na mengine yote. Sanduku lake la posta lililogongwa Oktoba, akasema ni lori la takataka. Mkate wa iliki, ambao kila kikao alikuja nao, na tangu kiangazi haujaonekana. Ile tabia mpya ya kukutambua baada ya wewe kusema kitu. Miezi mitano hiyo mwanangu alikuwa anapanda gari lake mara mbili kwa wiki, na mimi, ninayelipwa kutazama picha na kuona kasoro, nilikuwa namshukuru na kumpa jamu.

Verna alisimama, akachukua koti lake na begi, akaaga kwa sauti ya kawaida. Nikamfuata mpaka kwenye ukumbi mdogo kando ya ngazi.

“Tangu lini?” nikamuuliza.

“Tangu lini nini?”

“Verna, usinifanye mjinga. Sina muda.”

Akaegemea ukuta, akaniambia. Daktari alimwambia mwezi wa Juni. Ni katikati ya macho, yote mawili, la kushoto zaidi. Pembeni bado anaona. “Ni kama mtu ameweka kidole gumba katikati ya kila kitu,” alisema. “Naona viatu vyako. Naona ngazi. Uso wako sijauona tangu Julai.”

“Na daktari alisema nini kuhusu kuendesha?”

“Alisema anavyosemaga.”

“Alisema nini?”

“Alisema niache.”

Sikumhurumia. Nilimuuliza kama anajua ni mara ngapi mwanangu amevuka lile daraja naye. Alisema anajua. Alisema anakwenda polepole, anatazama mstari mweupe wa pembeni, na barabara ile ameiendesha miaka arobaini na mitano, anaijua kuliko anavyoijua Mjane wa Calder.

“Mjane wa Calder umeikosea,” nikasema.

Alivuta begi lake begani.

“Umeikariri neno kwa neno, na umeikosea kwa sababu imebadilika na hukuona. Barabarani hakuna mtu anayekusubiri ukariri upya.”

Nilisema kwa ukali. Ningeweza kuchagua maneno mengine lakini hayo ndiyo yaliyokuja, na yalikuwa kweli. Akayapokea. Akasema basi sawa, Britta asiende naye tena, leo wala Jumatano wala siku nyingine, hilo analikubali. Yeye Verna aseme mgongo unamuuma, au mimi niseme ratiba imebadilika. Yeye ataendesha peke yake tu, dukani na nyumbani, mchana, siku zisizo na theluji. Nami ninyamaze.

“Wewe unakijua kinachofuata,” alisema. “Nikikosa gari siwezi kukaa ziwani. Duane atakuja kutoka Minneapolis na makaratasi yake. Atanipangia kachumba kenye kengele ukutani, ya kuvuta ukianguka. Ile nyumba baba yangu aliijenga. Sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, aliijenga kwanza, wakalala humo msimu wote wa baridi, ndipo akajenga nyumba. LuAnn, sikuombi zaidi ya mdomo wako.”

“Umekubali uitwe mwongo.”

“Mwongo anaendesha gari,” alisema. “Mwongo anakaa kwake.”

Duane ni mwanawe. Nimemwona mara mbili. Mara zote mbili alizungumza juu ya mama yake akiwa amekaa karibu naye, kana kwamba ni samani. Kwa hiyo sikuwa na la kumpinga. Kila alilolisema lingetokea, na lingetokea kwa mkono wangu.

Na nitasema ukweli: nilipima. Ilikuwa rahisi. Mtoto wangu angekuwa salama, rafiki yangu angebaki rafiki yangu, Gordy angebaki na kanuni yake. Ningepiga simu kazini nichelewe leo, na kesho ningetafuta mama mwingine wa timu wa kugawana naye safari. Hakuna ambaye angeniuliza kitu. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kumwambia sawa.

Merle akatokea mlangoni, amevaa kofia yake ya masikio, na zipu ya koti ameifunga mpaka kidevuni.

“Nipo tayari ukiwa tayari, Verna,” alisema. “Na mimi sijali kama uliitazama au hukuitazama. Mimi nalala kwenye zote na hawajanifukuza.”

Merle haendeshi. Kila kikao Verna humshusha kwake njiani. Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa. Nilikuwa nimemhesabu mtoto wangu tu.

“Dakika moja, Merle,” Verna akasema, na akageuza uso pembeni kidogo, upande wangu, akingoja. Britta alikuwa anashuka ngazi nyuma yetu, mkoba unagonga kila kidato. Akauliza kama wanaondoka sasa maana kocha alisema atakayechelewa atazunguka bwawa mara kumi zaidi. Verna alimwambia, bila kusita, kwamba leo mgongo wake haufai, mama atampeleka. Alilisema vizuri sana. Britta akamwambia pole, Bi Verna. Kisha Verna akamshika Merle mkono ili waende kwenye gari.

Ilikuwa imeanza kudondoka theluji. Niliiona kupitia kioo cha mlango wa nje, chembe ndogo ndogo, za aina inayotua chini na kubaki. Merle ana miaka themanini na moja na anamwamini kila mtu anayeshika usukani.

“Merle, rudi ndani,” nikasema. “Nawe, Verna. Rudini wote.”

“LuAnn,” Verna alisema taratibu.

Nikamshika kiwiko, si kwa nguvu, lakini pia si kwa namna ambayo angeweza kudhani namsaidia tu. Tukaingia chumbani. Janelle alikuwa anakusanya vikombe. Gordy alikuwa ameinama juu ya daftari, kalamu mkononi, na nilipotazama begani mwake niliona ameandika tarehe, na jina la Verna, na neno “hakuitazama”. Hakuonekana kufurahi. Wamefahamiana tangu walipokuwa wanaimba pamoja kwaya ya shule.

“Futa hiyo,” nikamwambia.

“Amekiri mwenyewe.”

“Ameitazama. Nilimkuta anaitazama. Haoni, Gordy. Katikati ya macho haoni, tangu kiangazi, na daktari alimkataza kuendesha tangu Juni. Amekuwa akimwendesha Merle, na mwanangu.”

Nilitaka kusema kwa utaratibu zaidi. Nilikuwa nimepanga neno moja la upole la kuanzia, likapotea. Janelle aliweka vikombe chini kimoja kimoja. Gordy alimtazama Verna, na nikaona anamsogezea kiganja hewani, kidogo, kama watu wanavyofanya, na Verna akasema, “Usinipungie mkono, Gordy, mkono nauona. Ni wewe nisiyekuona.”

Gordy akaushusha mkono. Merle alivua kofia. Britta alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha kuelewa zaidi ya nilivyotaka aelewe, na alikuwa ananitazama mimi, si Verna.

“Ungeniacha niwe mwongo,” Verna aliniambia. Sauti yake haikupanda. “Nilikuomba kitu kimoja, LuAnn. Miaka yote hii sijakuomba kitu.”

“Najua.”

“Kesho Duane atakuwa hapa.”

“Atakuwa hapa. Na mimi nitakuwepo, na hatakuzungumzia kama kabati mbele yangu. Lakini simu atapigiwa leo, nami ndiye nitakayempigia, kwa sababu wewe hutapiga.”

Akasema nisijisumbue kuwepo. Akasema kwake nisije. Nilimwamini, Verna akisema hivyo anamaanisha, na yule mhubiri wa ufagio hakuonekana tena mtaani. Nilinyoosha mkono nikamwomba funguo za gari. Alilikumbatia begi, na nikafikiri itabidi niseme jambo baya zaidi mbele ya mtoto. Kisha akafungua begi, akapapasa, akazitoa. Aliziweka mezani, juu ya daftari la Gordy. Mkononi mwangu hakuziweka.

Nilizichukua. Nilimpa Janelle, nikamwambia awapeleke Merle na Verna kwa gari la Verna, Gordy awafuate na lake ili amrudishe Janelle, na funguo zibaki kwa Gordy. Wakakubali bila swali. Nikapiga simu hospitalini, nikasema nitachelewa saa nzima. Halafu, nikiwa bado nimesimama palepale na Verna amekaa hatua mbili kutoka kwangu akifunga vifungo vyake kimoja kimoja kwa kupapasa, nikaitafuta namba ya Duane. Nilikuwa nayo tangu mazishi ya baba yake. Iliita mara nne. Alipopokea nilimtajia jina langu, nikamwambia niko na mama yake, hajaumia, na kwamba aketi chini kwanza anisikilize.